Kama Mungu ndo anaweka wafalme, mbona anaweka hadi wabaya?

Safari hii barua zenu nyingi zimeangukia sehemu moja na kosa ni langu. Toleo lililopita nilitaja Danieli 2:21, kwamba Mungu anaondoa wafalme na kuweka wafalme, halafu nikapita zangu kama vile nimetaja kitu kidogo. Hamkuniacha salama. Haya, nimechukua maswali sita, la kwanza nimelijibu kirefu sababu mengine yote yanaegemea hapo, ukichoka katikati pumzika kwanza urudi.

SWALI: Mwandishi, Bwana asifiwe. Kuna kitu kinanisumbua. Kama Mungu ndo anaweka wafalme basi na wale wauaji kawaweka yeye, si ndiyo? Sasa akishawaweka, wakafanya waliyofanya, anawaadhibu kwa kosa gani? Mi naona ni kama kumtuma mtoto maji kisimani halafu unamchapa kwa sababu kaenda kisimani. Na tafadhali usiniambie njia za Mungu hazichunguziki, hilo nimeshalisikia vya kutosha.

JIBU: Amina ndugu yangu. Mfano wako wa mtoto na kisima ni mzuri ila ndo hapohapo ndoo inapovuja. Mtoto ametumwa, amesikia, ametii. Sasa fungua Isaya 10 kuanzia mstari wa 5 uone Ashuru, ile dola kubwa ya zamani, "alitumwa" kwa namna gani. Mungu anamwita fimbo ya hasira yangu, anasema namtuma juu ya taifa lisilonicha, na taifa lenyewe hapo ni watu wake mwenyewe, halafu mstari wa 7 unageuza meza: lakini yeye hakusudii hivyo, moyoni mwake anachowaza ni kuharibu na kufyeka mataifa, tena sio machache. Yaani Mungu ana lake na Ashuru ana lake, tendo ni moja, nia ni mbili. Mfalme wa Ashuru hakuamka siku hata moja akasema leo naenda kumtumikia Mungu wa Israeli, alikuwa anafuata fedha na mateka na sifa, na angeenda tu.

Na sifa alizipenda kwelikweli. Mstari wa 13 na 14 Isaya anamwigiza akijitapa, ni nguvu za mkono wangu, ni akili zangu, nimekusanya mali za mataifa kama mtu anaokota mayai kwenye kiota kilichoachwa, hakuna hata mmoja aliyepiga bawa wala kulia. Kila nikisoma hapo nasema huyu nabii aliwajua hawa watu, maana maandishi yao wenyewe yamefukuliwa ardhini na yanaongea hivyohivyo. Senakeribu, mfalme wa Ashuru aliyeivamia Yuda mwaka 701 KK, kaacha mche wa udongo (kipande chenye pande kadhaa kama nguzo fupi) wenye maandishi pande zote, anahesabu miji 46 ya Hezekia mfalme wa Yuda aliyoiteka, anasema Hezekia mwenyewe alimfungia Yerusalemu kama ndege kwenye tundu. Na kwenye jumba lake kule Ninawi akachongesha ukutani jinsi alivyoiteka Lakishi, mji wa Yuda, watu wanatoka na mizigo yao na watoto wao, wengine wanachunwa ngozi. Hiyo picha hakuchorewa na adui wa kumchafua, aliiagiza mwenyewe ipambe nyumba yake. Hapo bado utasema mtoto katumwa kisimani?

Ndo maana mstari wa 15 unauliza, shoka linaweza kumjivunia anayekatia? Watu wakifika hapo wanasema ahaa, basi Ashuru ni chombo tu. Hebu subiri. Chombo tu hakina kesi, hakuna mtu anapeleka shoka mahakamani, na mstari wa 12 umeshasema Bwana akimaliza kazi yake Sayuni atamgeukia mfalme wa Ashuru amwadhibu kwa majivuno ya moyo wake. Kwa hiyo ni shoka lenye moyo. Hilo ndo Isaya anatuachia, shoka ambalo lilijua linachofanya na lilikuwa linafurahia. Senakeribu Yerusalemu hakuingia (hata mche wake hausemi aliingia, na yule mtu hakuwa mtu wa kuficha ushindi), mwaka 681 KK akauawa na wanawe kama ilivyo 2 Wafalme 19:37, na mji wa Ninawi wenyewe ukaanguka 612 KK.

Kwa hiyo nikilijibu swali lako moja kwa moja: Mungu kukutumia sio kukupa cheti cha tabia njema. Yeremia anasema hilohilo kwa pumzi moja. Sura ya 25 mstari wa 9 Nebukadneza anaitwa mtumishi wangu, tena na Mungu mwenyewe, msomaji bado anashangaa hilo jina, mistari mitatu mbele anaambiwa miaka 70 ikitimia nitampatiliza mfalme wa Babeli uovu wake. Mtumishi, na mshitakiwa. Mtu huyohuyo.

Halafu usidhani swali lako ni la kukosa imani, Habakuki alikutangulia na alilalamika kwa sauti. Mungu alimwambia nawainua Wakaldayo, yaani watu wa Babeli, taifa kali lenye haraka, Habakuki akaruka, wewe mwenye macho safi yasiyoweza kuangalia uovu, unanyamazaje mwovu akimmeza aliye mwenye haki kuliko yeye? Jibu alilopewa ni sura ya 2, ole tano mfululizo juu ya hao hao Wakaldayo: ole anayejilimbikizia visivyo vyake, ole anayejenga mji kwa damu, zinaendelea hivyo, na mstari wa 17 kuna kitu huwa kinanigusa, wanadaiwa hadi jeuri waliyoifanyia Lebanoni na wanyama waliowaangamiza kule. Yaani miti iliyokatwa na wanyama waliouawa vimeandikwa kwenye deni. Anayefikiri Mungu akimtumia mtawala anafumba macho kidogo, asome hapo.

Umenikataza kusema njia zake hazichunguziki, sisemi. Ila ukweli ni kwamba Habakuki hakuchorewa mchoro wa jinsi nia mbili zinavyokaa ndani ya tendo moja. Alipewa uhakika kwamba kesi ipo na inasikilizwa, na bado sura ya 3 midomo inamtetemeka. Mi nikiona mtu ana maelezo laini ya hii ishu, yasiyo na mtetemeko wowote, huwa namwogopa kidogo.

SWALI: Na Farao je? Huyo Mungu mwenyewe kasema "nitaufanya moyo wake kuwa mgumu", sasa alikuwa na ujanja gani?

JIBU: Dada yangu umeenda penyewe, kesi ya Farao ni ngumu kuliko ya Ashuru na sitaipunguza, Kutoka 4:21 Mungu anatangaza mapema kabisa kabla Musa hajafika Misri. Ila soma mapigo kwa utaratibu na penseli mkononi. Damu, vyura, chawa, inzi, mifugo, kote huko utakuta moyo wa Farao ulikuwa mgumu, au Farao akaufanya moyo wake mzito, hasa 8:15 pale vyura walipokufa akaona nafuu, na 8:32. Kwenye masimulizi ya mapigo, mara ya kwanza kusomeka Bwana akaufanya mgumu ni 9:12, kwenye majipu, pigo la sita. Kwa hiyo mlango alianza kuufunga mwenyewe, tena kila alipopata ahueni, baadaye ndo ukapigwa kufuli kwa nje. Haimalizi swali lote lakini sio ile stori ya mtu mwema aliyeharibiwa moyo kwa nguvu. Na kumbuka kabla ya yote hayo kulikuwa na watoto waliotupwa mtoni kwa amri ya Farao aliyemtangulia, nyumba hiyo haikuanza vibaya siku Musa alipobisha hodi.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Warumi 13 inasema hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu. Viongozi wetu wa kanisa wakiulizwa jambo lolote la serikali wanatupa mstari huo, basi mjadala umeisha. Ni kweli tukae kimya tu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Paulo aliandika hiyo barua Kaisari Nero akiwa madarakani (alitawala 54 hadi 68), kwa hiyo hakuwa anaongelea serikali ya malaika, hilo lazima tulimeze kwanza kabla hatujatafuta mlango wa kutokea. Anasema mamlaka ina chanzo juu yake, na mstari wa 4 anasema mtawala ni mtumishi wa Mungu kwako kwa ajili ya mema. Sasa neno mtumishi likishatajwa, kazi ina mwenyewe na mtumishi ana bosi. Wanaokutupia mstari wa 1 huwa hawafiki wa 4.

Lakini mi napenda kumtazama Paulo alivyoishi kuliko kubishana maneno. Filipi walimpiga fimbo bila hukumu, wakamtupa gerezani, kesho yake mahakimu wakatuma watu wamwachie kimyakimya, akagoma! Matendo 16:37, tumepigwa hadharani na sisi ni raia wa Rumi halafu mnatutoa kwa siri? Waje wenyewe watutoe. Na walikuja. Baadaye mbele ya liwali Festo akakata rufani kwa Kaisari. Huyo ndo mwandishi wa Warumi 13, mtu anayejua haki zake na anazidai. Wakunga Shifra na Pua hawakutii amri ya Farao ya kuua watoto wa kiume na Mungu akawatendea mema, Kutoka 1. Petro na mitume wakasema imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Kuheshimu mamlaka na kuitikia kila inachosema ni vitu viwili, Biblia nzima inajua hivyo.

Halafu wenye mstari mmoja mkononi waulize kuhusu Hosea 8:4, Mungu mwenyewe analalamika, wamejiwekea wafalme lakini si kwa shauri langu. Na huyohuyo Hosea 13:11 Mungu anasema nimekupa mfalme kwa hasira yangu. Kitabu kimoja, sikuwaweka na niliwapa, vyote. Hosea aliona kwa macho yake, baada ya mfalme Yeroboamu wa pili kule Samaria, ufalme wa Israeli wa kaskazini, wakafuata wafalme sita hadi nchi ikaisha, na wanne kati yao waliuawa na waliochukua kiti chao, Shalumu alikaa mwezi mmoja tu. Kila mmoja wao angeweza kusema nimewekwa na Mungu. Mungu kuruhusu, Mungu kutoa kwa hasira na Mungu kupendezwa sio kitu kimoja, anayevichanganya makusudi kwa kawaida ana kiti anakilinda au ana rafiki mwenye kiti.

SWALI: Kwetu kwenye maombi ya taifa tunaambiwa nchi yetu ni teule, Mungu ana mkataba na sisi, Zaburi 33:12 "heri taifa ambalo Bwana ni Mungu wao". Mimi naamini lakini mume wangu ananicheka. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mama, sitaki kuleta ugomvi ndani ya nyumba, ila nadhani baba leo kashinda nusu. Hiyo zaburi endelea nayo mistari minne tu, utakuta hakuna mfalme anayeokoka kwa wingi wa jeshi. Na nusu ya pili ya huohuo mstari wa 12 inataja watu aliowachagua kuwa urithi wake, mtunzi anaongelea Israeli, hana bendera nyingine kichwani. Nchi zilizojitangaza teule tangu wakati huo ni nyingi, na zingine zilipigana zenyewe kwa zenyewe huku zikiimba zaburi zilezile.

Aliyeivuruga kabisa hii fikra ni Amosi, mchungaji wa Tekoa na mtunza mikuyu, alitumwa kaskazini kwa Waisraeli wakati mambo yamewanyookea. Sura ya 1 anaanza na majirani, Dameski, Gaza, Tiro, Edomu, Amoni, Moabu, nawaza tu wasikilizaji walivyokuwa wanaitikia kwa furaha kila jirani akitajwa, kisha Yuda, kisha wao wenyewe. Na hebu angalia kosa la Moabu kwenye 2:1, walichoma mifupa ya mfalme wa Edomu hadi ikawa chokaa. Moabu na Edomu! Israeli haimo hata kidogo, ni mataifa mawili ambayo hayana agano wala torati, na bado Mungu anasema hilo nimeliona, sitalisamehe. Kwa nini aone kama mataifa mengine hayamhusu?

Halafu 9:7 inamaliza. Ninyi kwangu si kama Wakushi? Niliwatoa ninyi Misri, sawa, si niliwatoa na Wafilisti Kaftori, na Washami Kiri? Yaani lile tukio wanalojivunia kuliko yote, kutoka Misri, Amosi anawaambia Mungu kawahamisha na maadui zenu pia, kila mmoja kwa safari yake. Usishangae kuhani wa Betheli alimwambia afungashe arudi kwao.

Na Kumbukumbu la Torati 2 ilishasema hivyo mapema, Israeli wako njiani wamechoka wanatafuta ardhi, wanaambiwa ya Esau msiguse hata pa kukanyaga unyayo, nimempa Esau, ya Moabu msiguse, ya Amoni msiguse, na mstari wa 21 unasema Bwana ndiye aliyewaangamiza majitu mbele ya Waamoni wakapata pa kukaa. Waamoni hawakujua, walimshukuru mungu mwingine kabisa. Ukitaka kilele nenda Isaya 19:25, Mungu anabariki Misri "watu wangu" na Ashuru "kazi ya mikono yangu" na Israeli urithi wangu, watatu mstari mmoja, Ashuru yuleyule wa mayai kwenye kiota. Kwa hiyo ombea nchi yako mama, ipende, ila mkataba wa peke yenu sijauona.

SWALI: Habari ya Koreshi kutajwa kwa jina kwenye Isaya, kuna ushahidi wowote nje ya Biblia au ni stori za kutia moyo tu?

JIBU: Upo, na una utamu wake. Koreshi wa Uajemi aliiteka Babeli mwaka 539 KK, hilo halibishaniwi. Mwaka 1879 kwenye magofu ya Babeli ukafukuliwa mviringo wa udongo umbo la pipa dogo, sasa uko British Museum kule London, Koreshi anasema ameingia Babeli kwa amani na amerudisha sanamu za miungu kwenye mahekalu yao na watu kwenye makao yao. Inaendana vizuri na Ezra 1 ambako Wayahudi wanaruhusiwa kurudi na vyombo vya hekalu, vyote 5,400. Ila tusizidishe chumvi kama wengine, huo udongo hautaji Yerusalemu wala Wayahudi, na unasema wazi aliyemchagua Koreshi na kumshika mkono ni Marduki, mungu wa Babeli.

Kuna wanaoona hapo imani imepigwa. Mi naona kinyume, sababu Isaya 45:4 imeandika nimekuita kwa jina lako ingawa hukunijua, na mstari wa 5 inarudia. Isaya hajadai popote kwamba Koreshi ataokoka. Anamwita masihi, yaani mtiwa mafuta, jina zito hilo kwa mtu wa nje, halafu anasema hanijui. Ule udongo ni Koreshi anathibitisha kwa mkono wake kwamba kweli hakumjua. Wasomi wanabishana sura hizo za Isaya ziliandikwa lini, kabla ya Koreshi au enzi zake, wacha wabishane, ila jambo la mtawala kufanya kazi asiyoijua kwa Mungu asiyemjua linasimama vilevile.

SWALI: La mwisho fupi. Kama Mungu ameshapanga mataifa yote, tunaombea nchi ya nini?

JIBU: Soma Yeremia 18, nyumba ya mfinyanzi. Wengi wanaishia kwenye udongo, wanasema ndo basi, sisi udongo. Mstari wa 7 hadi wa 10 Mungu anaeleza mwenyewe maana yake: nikitangaza kuling'oa taifa, likageuka, naghairi, na nikitangaza kulijenga, likaharibika, naghairi pia. Kwa hiyo mpango wake una nafasi ya toba ndani yake, sio mpango ulioandikwa kwenye jiwe na mwenye jiwe kaondoka.

Hata Nebukadneza, Danieli alishamfasiria ndoto mbaya, akamshauri acha dhambi uwahurumie maskini, huenda raha yako itazidi. Akapewa miezi 12 mizima kabla ya ile siku ya kutembea juu ya jumba lake akisema si ndio Babeli niliyoijenga mimi (na matofali yake yenye mhuri wa jina lake bado yanaokotwa mpaka leo, hakuwa anatania). Ndo akaenda kula majani.

Na Ninawi, ilitangaziwa siku 40, hakuna "labda" wala "kama". Wakafunga, hadi ng'ombe walifungishwa, na Mungu akaghairi. Aliyekasirika ni Yona, yeye alitaka mamlaka ya Mungu juu ya mataifa iwe ya kuyachoma tu, akakaa nje ya mji kivulini anasubiri moto. Mungu akamuuliza, nisiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000 wasiojua mkono wa kulia na wa kushoto, na wanyama wengi? Kitabu kinaishia hapo kwenye swali, Yona hajajibu.